Plagi ya Pete Moja

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na Rose, mke wa Wekesa. Aliniambia mumewe amefariki, na kwamba kabla ya mwili kusafirishwa kwenda Bungoma kutakuwa na ibada ya kumuaga nyumbani kwao, mtaa wa Lucky Summer. Alitaka mitambo yangu ya sauti. "Alisema siku yake ikifika, sauti iwe ya Mwende," akasema Rose, na akalia kidogo, nami nikanyamaza kwa heshima ya kilio chake, wala si kwa heshima ya marehemu. Siku mbili baadaye akanitumia kurasa za programu ya ibada ili nijue nani anazungumza baada ya nani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Wekesa akiwa amevaa suti, na chini ya jina lake wameandika kwa herufi nzito, "Fundi Mvua". Ukurasa wa tatu ulikuwa na wasifu wake. Nikasoma hivi: "Mwaka wa 1999, Fundi Wekesa alikuwa mtu wa kwanza Kaloleni kuunganisha kompyuta na stereo ya nyumbani hadi sauti ikamzunguka msikilizaji pande zote. Kwa ufundi huo alileta mvua ndani ya ukumbi, na ndipo akapewa jina la Mvua." Nilikuwa nakunywa chai. Nikaweka kikombe chini. Nimepita hamsini, nina presha, na daktari ameniambia nisikasirike bure. Hii haikuwa bure.

Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Basi mimi sitamsema vibaya, nitamsema alivyokuwa, na ikitokea kwamba hayo mawili ni kitu kimoja, lawama si yangu. Mwaka huo wa 1999 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, nikifanya kazi katika kibanda cha kutengeneza redio na televisheni nje kidogo ya nyumba za Kaloleni. Tulikuwa mafundi wawili kwenye meza moja, mimi na Wekesa. Yeye alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na mkono. Mteja akiingia, hata kama mimi ndiye niliyekaa karibu na mlango, alinipita na kumwuliza Wekesa, "Fundi yuko?" Wekesa naye angejibu, "Fundi ndiye huyu," akijionyesha kifua. Ile meza ilikuwa na sheria moja ambayo mwenye kibanda alituwekea tangu siku ya kwanza: aliyewasha ndiye fundi. Maana yake ni kwamba yule anayebonyeza swichi mbele ya mteja, redio ikalia, ndiye aliyeitengeneza. Kazi ni yake, sifa ni zake, na ikilipuka pia ni yake. Mwingine aliyesaidia anaitwa mshika waya. Ilikuwa sheria nzuri ya kuzuia ugomvi. Nilikuwa nikiipenda, kwa sababu nilidhani sote tunaifuata kwa moyo mmoja.

Nilikuwa nikiishi na mjomba wangu Mutua, mchonga vinyago, katika nyumba ya chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande mmoja kitanda changu, upande wa pili kitanda chake, na kila mahali palipobaki, twiga. Twiga wasio na masikio, twiga wasio na miguu, twiga waliolala chini ya meza wakingojea kupigwa msasa. Maganda ya mbao yaliingia hadi kwenye sukari. Jumamosi mchana mjomba alipika muthokoi, ule mseto wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akautia kitunguu kingi, na Wekesa hakukosa hata Jumamosi moja. Alikula sahani mbili, akaegemea ukuta, akamwambia mjomba, "Mzee, huku kwenu ndio chakula. Kwangu ni chai na mkate hadi nione mkate nikitoroka." Mjomba alimpenda sana. Alimwita mwanangu. Nami pia, kwa nini nifiche, nilimpenda kwa namna fulani ambayo sikuwa nimeipa jina. Tulicheka pamoja siku nzima juu ya meza ile, na nilipochoka kuinama alinishikia taa bila kuambiwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ile nilikuwa nikiifua mwenyewe.

Mwezi wa tatu akaja Bwana Ogutu. Alikuwa karani wa reli, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye kola, anayeheshimika mtaa mzima kwa sababu alijua kuandika barua za serikali. Ofisi yake ilikuwa imenunua kompyuta mpya na wakubwa wakagawana zile za zamani, naye akapata moja yenye uwezo wa kusoma diski za filamu. Nyumbani alikuwa na stereo aliyoinunua wakati bado kijana, yenye amplifaya nzito na spika mbili zilizomfikia kiunoni. Alikuwa ametembelea nyumba ya tajiri mmoja upande ule mwingine wa mji akasikia filamu ikilia kutoka kila pembe. "Nataka hivyo," akamwambia Wekesa. "Risasi ikipigwa, nataka niisikie ikipita hapa kando ya sikio." Wekesa akacheka. "Mzee, hiyo ni mashine ya wadosi, watu wa pesa. Inauzwa nzima nzima. Hii yako italia mbele tu, kama ng'ombe." Bwana Ogutu akaanza kuondoka akiwa amenywea, nami nikasema kutoka pembeni, "Tuachie, mzee. Tutajaribu." Aligeuka kunitazama kana kwamba kiti kimeongea. Lakini alituachia.

Kutoa sauti kwenye kompyuta na kuipeleka kwenye stereo si jambo gumu. Nyuma ya kompyuta kuna tundu dogo la sauti. Unachomeka plagi ndogo humo, na upande wa pili wa waya unagawanyika mara mbili, kushoto na kulia, unaingia nyuma ya amplifaya. Tulipofanya hivyo ikavuma mmm, mvumo mzito uliofunika kila kitu, na Wekesa akasema kompyuta ni mbovu. Nilikaa na mvumo huo siku nne. Siku ya tano nikagundua kwamba kompyuta imechomekwa ukutani na amplifaya imechomekwa kwenye waya tuliovuta kwa kinyozi jirani. Nikazichomeka zote mbili mahali pamoja, mvumo ukakatika. Wekesa akanipiga bega. "Mwende wewe ni noma." Nilifurahi wiki nzima kwa maneno hayo manne, na leo nikikumbuka furaha hiyo naona aibu.

Jambo la kuzungusha sauti lilikuja kwa kosa. Nilikuwa na spika mbili ndogo mezani nikizipima. Kila spika ina waya mbili, nyekundu ya kupeleka na nyeusi ya kurudisha. Nilifunga nyekundu zote mbili kwenye amplifaya, moja kushoto, moja kulia, kisha nikasokota zile nyeusi mbili pamoja ili zisinitatize, nikakusudia kuzirudisha kwenye amplifaya baadaye. Mteja akaniita, nikasahau. Nilipowasha, mwimbaji hakuwemo. Ngoma zilikuwepo, mwangwi wa gitaa ulikuwepo, makofi ya watu yalikuwepo, lakini mtu aliyekuwa akiimba alikuwa ametoweka. Wekesa akainua kichwa. "Wee! Umechoma amp ya wenyewe." Sikuwa nimechoma kitu. Nilikaa pale nikikazia macho zile nyeusi mbili zilizosokotana hadi nikaelewa. Spika zile hazikuwa na njia ya kurudisha, kwa hiyo zilisikia tu tofauti baina ya kushoto na kulia. Sauti ya mtu hurekodiwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo haina tofauti, inajifuta. Mvua, upepo, magari yanayopita, hizo haziko sawa pande mbili, basi hizo ndizo zinazobaki. Weka spika kama hizo nyuma ya mtu, weka zile kubwa mbele kama kawaida, na mwigizaji ataongea mbele yako huku mvua ikinyesha mgongoni. Bila mashine ya wadosi. Kwa spika mbili kuukuu na waya mmoja uliosahauliwa.

Nilimfundisha Wekesa. Hilo ndilo kosa langu na nalikubali. Nilichukua kipande cha katoni nikamchorea: hapa kushoto, hapa kulia, hapa nyeusi zinafungana wala hazirudi. Alikuna kichwa. "Zisiporudi zitalia aje?" Nikamwambia wafikirie majirani wawili wanaokusimulia ugomvi wa mtaa. Yale wanayokubaliana yaache mbele. Yale ambayo kila mmoja ana lake, hayo yapeleke nyuma. Alitikisa kichwa kwa heshima, lakini macho yake yalikuwa kwenye katoni wala si kwenye maneno yangu. Alishika mchoro, hakushika maana. Mjomba Mutua alituchongea maboksi mawili ya spika kwa mbao zilizobaki za twiga, akayapiga msasa hadi yakawa laini kuliko meza yetu, na pembeni ya kila boksi, kwa mazoea ya mkono tu, akachora jani.

Jumapili moja baada ya ibada tulipeleka kila kitu kwa Bwana Ogutu. Nakumbuka chumba kile vizuri kuliko vyumba nilivyolala mwenyewe. Vitambaa vya kufuma kila mahali, juu ya stereo, juu ya kompyuta, juu ya viti, hata juu ya simu iliyokatwa. Harufu ya omena waliokaangwa na nyanya. Mke wake, Mama Achieng, alitupa chai na mandazi kabla hatujagusa waya. Spika za nyuma zilipaswa kukaa juu ya kabati, upande wa pili wa pazia lililogawa chumba, penye kitanda chao, na kwa kuwa haikuwa adabu mwanamume kuingia huko, niliingia mimi. Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kitanda nikipitisha waya chini ya zulia niliposikia Bwana Ogutu akiuliza kwa sauti ya chini, "Na hii akili yote umetoa wapi, kijana?" Wekesa akajibu, "Ni kusoma tu mzee, na kujaribu. Nimekosa usingizi juu ya hii kitu." Kijiko kikakoroga chai. "Na huyu msichana?" Nilishika waya ukutani nikangoja. "Huyo? Huyo ananishikia tu waya. Unajua kazi ikiwa na mtu wa kushika waya inaenda mbio."

Sikutoka. Nimejiuliza kwa miaka mingi kwa nini sikutoka. Nilimaliza kufunga nyeusi zile mbili, nikazizungushia utepe, mikono yangu ikifanya kazi yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kabla sijainuka, nikasikia swichi. Wekesa alikuwa amewasha. Filamu ikaanza, watu wawili wakazungumza kule mbele upande wa wageni, kisha mvua ikaanza kunyesha juu ya kichwa changu kutoka kwenye yale maboksi ya mjomba, mvua ya kweli, ya bati. Nikasikia Mama Achieng akisema, "Uwi, nguo zangu," na viatu vyake vikikimbia nje kuanua nguo kwenye jua kali la saa nane. Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Ogutu alicheka hadi akakohoa. Nilipotoka nyuma ya pazia na vumbi magotini, walikuwa wakimshika Wekesa mkono mmoja baada ya mwingine, na Mama Achieng, aliyerudi na shuka kavu mikononi, akaniambia kwa upole, "Asante kwa kumsaidia, mamii."

Njiani nilimwuliza. Hakukana. "Si uliniachia niwashe? Aliyewasha ndiye fundi, Mwende. Sheria ni sheria." Na akatabasamu lile tabasamu lake la Jumamosi, la sahani mbili. Nilimchukia. Nasema wazi, kwa sababu siku hizi watu wanapenda kusema waliumia, walivunjika moyo, walijifunza. Mimi nilimchukia, na chuki ile ilinipa nguvu kuliko chakula. Mjomba aliona ninavyoshika kijiko akaniuliza, nikamweleza. Akapuliza maganda ya mbao mapajani. "Ukichonga na hasira utakata shingo ya twiga," akasema. Nikamjibu kwamba mimi sichongi twiga. Jumamosi iliyofuata Wekesa akaja kula kama kawaida, na mimi ndiye niliyempakulia.

Labda ingeishia hapo, nikazeeka na kinyongo kidogo kama watu wengine. Lakini Bwana Ogutu alikuwa mtu wa kusifu watu. Alimjua mkuu wa chuo kimoja cha ualimu kilichokuwa kikitafuta fundi wa kutunza mitambo ya ukumbi wao, kazi ya kuajiriwa, yenye chumba cha kuishi na bima, nafasi moja tu. Akapanga onyesho Jumamosi alasiri katika ukumbi wa Kaloleni, mkuu aje kujionea, na mtaa mzima ukaalikwa kutazama filamu. Wekesa alianza kutembea akiwa amevaa tai. Kazi ile ilikuwa yangu. Nilijua hivyo kama ninavyojua jina langu. Bila kazi ile ningekaa kwenye kibanda kile nikiitwa mshika waya hadi meno yaanguke, na yeye angelala katika chumba kilichojengwa kwa kosa langu na akili yangu.

Siku nne kabla ya onyesho aliniegemea mezani. "Mwende, nitengenezee ule waya wa kutoka kwa kompyuta, lakini mrefu, mita kumi hivi. Wewe ndio mkono wako hautetemeki." Nikamwambia sawa. Nilitengeneza waya mbili. Zilifanana kwa rangi, kwa urefu, hata kwa utepe niliozungushia mwishoni. Tofauti ilikuwa kwenye plagi ile ndogo inayoingia kwenye kompyuta. Plagi ya kawaida ya kazi hii ina pete mbili nyeusi karibu na ncha, na pete hizo ndizo zinazotenganisha kushoto na kulia. Kuna plagi nyingine, ya redio za zamani, yenye pete moja. Hiyo haitenganishi chochote. Inachukua sauti moja na kuigawa kushoto na kulia ikiwa ileile, na pale ambapo kushoto na kulia ni kitu kimoja, hakuna tofauti, na pasipo na tofauti spika za nyuma hazina la kusema. Spika za mbele zitalia vizuri kabisa. Za nyuma zitakaa kimya, na mtu aliyeshika mchoro bila maana atazipekua hadi kesho bila kufikiria kutazama kompyuta. Nililehemu plagi ile ya pete moja kwa uangalifu mkubwa kuliko kazi yoyote ya mwaka ule. Ilikuwa kazi safi.

Saa nne asubuhi Wekesa alipima kila kitu ukumbini kwa waya mzuri, na mvua ikanyesha nyuma bila shida. Kisha wanawake wa usafi wakaja kufagia, wakataka sakafu iwe wazi. "Nitakunja waya mimi," nikasema. Walipomaliza, nikatandika ule mwingine, na mzuri nikautia kwenye mkoba wangu chini ya kitambaa cha kichwa. Wekesa alinishukuru. Saa tisa ukumbi ulijaa, madirisha yamefunikwa kwa blanketi, watoto sakafuni, wazee kwenye viti. Mkuu wa chuo alikuwa mama mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, na Bwana Ogutu alimkalisha katikati kabisa. Wekesa akasimama mbele, akasema kwa Kiswahili cha redioni, "Wageni waheshimiwa, mtasikia wanaozungumza wako hapa mbele, lakini mvua itakuwa nyuma yenu. Msishtuke." Akawasha. Watu wakazungumza mbele. Mvua nayo ikanyesha mbele, mlemle walimokuwa wakizungumza. Watu wakageuza shingo kutazama nyuma, wakangoja, wakazirudisha.

Alizima akawasha. Alikwenda nyuma akapanda kiti, akaweka sikio kwenye boksi la mjomba, penye jani. Akafungua waya, akafunga. Akabadilisha nyekundu kwa nyekundu. Mtu mmoja kutoka gizani akasema, "Fundi, mvua imepita Jogoo Road?" na mwingine akajibu, "Leo ni kiangazi, mwacheni," na kicheko kikaanza kwa watoto kikapanda hadi kwa wazee. Shati lake lilikuwa limetota jasho mgongoni. Alinitazama kutoka juu ya kile kiti. Niliyajua macho yale, ndiyo aliyokuwa akinitazama nayo kila redio ilipomshinda. Nilikaa. Nilimwacha afungue boksi la pili. Nilimwacha mkuu wa chuo avae miwani atazame saa yake. Kila kicheko kilinipita mwilini kama chai ya moto siku ya baridi, na sitadanganya kwamba nilimwonea huruma. Ndipo nikasimama. "Bwana Ogutu, naomba nijaribu." Nikaenda kwenye kompyuta, nikachomoa waya, nikatoa ule mzuri mkobani. "Ni waya," nikasema. "Waya umekatika ndani." Nikachomeka, na mimi, kwa kidole changu, nikawasha.

Ukumbi wote uligeuka nyuma. Mtoto mmoja alifunika kichwa. Mkuu wa chuo aliinuka, akatembea kutoka mbele hadi nyuma na kurudi, kisha akamwuliza Wekesa, "Kwa nini sauti ya mtu inabaki mbele na mvua inakwenda nyuma?" Wekesa akapangusa uso. "Ni... ni besi, madam. Besi inasukuma nyuma." Mama yule akanigeukia. Nikamweleza habari za majirani wawili na ugomvi wa mtaa, na yale wanayokubaliana, na yale ambayo kila mmoja ana lake. Akasikiliza hadi mwisho. Jumatatu niliitwa chuoni. Nilifanya kazi huko miaka kumi na mmoja, na kutoka huko ndiko nilikopata mtaji wa akili wa kuanzisha kazi yangu ya kukodisha mitambo. Jioni ile nilipokuwa nikifungua spika, nilimwona Wekesa akiokota ule waya wa pete moja sakafuni, akaukunja polepole, akautia mfukoni. Sikujali. Fundi hatupi waya.

Mtaa ndio uliomalizia kazi yangu. Kabla ya Jumatatu alikuwa tayari anaitwa Mvua. "Niaje, Mvua?" "Mvua, leo kuna mawingu?" Akiingia dukani mtu alifungua mwavuli. Niliposhuka Kaloleni wikendi kumtembelea mjomba, nilisikia jina lile kabla sijafika mlangoni, na chakula kilikuwa kitamu. Hakurudi tena kula muthokoi. Baada ya mwaka alihamia Lucky Summer, akawa fundi wa friji, akaoa. Mjomba alimwulizia mara moja moja, nami nikasema sijui. Mkuki kwa nguruwe.

Sasa nirudi kwenye programu ya ibada, kwa sababu kuna maneno ya ukurasa wa tatu ambayo sijayataja. Baada ya ile habari ya kuleta mvua ukumbini wameandika: "Kwa moyo wake wa kutoa, siku ya onyesho aliweka waya mbovu kwa makusudi, ili dada mmoja mwanafunzi wake aonekane mbele ya wageni na apate ajira. Hakuwahi kujisifu kwa hilo." Nilisoma mara tatu. Mwanafunzi wake. Kwa makusudi. Mtu huyu aliniibia kazi yangu nikiwa nyuma ya pazia, na nilipomlipa, alikwenda nyumbani akaniibia na malipo. Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo nikijua jambo moja tamu, kwamba hakuwahi kuelewa kilichompata. Asubuhi ya ibada, nilipokuwa nikitandika waya kati ya mahema, Rose akaniletea mfuko wa karatasi. "Huu hakutaka mtoto yeyote auguse. Alisema ni wako." Ndani ulikuwemo waya wangu wa pete moja. Kifuniko cha plagi kilikuwa na mikwaruzo ya koleo, kimefunguliwa na kufungwa. Alikuwa ameangalia ndani. Alikuwa amehesabu pete. Alijua, pengine tangu jioni ileile, na angeweza kwenda chuoni kwa neno moja tu nikafukuzwa, lakini hakwenda. Alikaa kimya akajitungia hadithi ambamo yeye ndiye mwema. Na siwezi kuipinga. Nikisema hakuweka waya ule, itabidi niseme ni nani aliyeuweka.

Kaka yake mkubwa ndiye aliyesoma wasifu. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu pembeni, vidole juu ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, wateja wangu watatu wakiwa wamekaa miongoni mwa waombolezaji. Alisoma kuzaliwa, akasoma shule, akasoma ubatizo. Aliposema "Mwaka wa 1999," nilishusha. Kaka yule aliendelea kusoma, macho kwenye karatasi, midomo ikienda, na hapakuwa na kitu cha kusikia ila kuku wa jirani na mahema yakipigwa na upepo. Watu wakaanza kugeuka. "Fundi, sauti," mzee mmoja akaita. Mteja wangu mmoja akanitazama akakunja uso. Nikainama chini ya meza nikajifanya natafuta waya, nikafuata kwa kidole katika nakala yangu mahali ambapo angekuwa amefika, na nikakaa huko chini hadi nilipokadiria amepita "hakuwahi kujisifu". Hapo nikapandisha, akawa ndiyo anasoma majina ya watoto. Watoto hawakunikosea.

Baada ya jeneza kuingizwa garini, Rose alinijia nikiwa nakunja. Ule mfuko wa karatasi ulikuwa bado mezani kwangu. "Mwende," akasema, "ilikuwa nini pale katikati? Hata hatukusikia."

"Ni waya," nikamwambia. "Waya umekatika ndani."